Wimbo wa Kukanyaga Baridi

Mdogo wangu alikuwa akilala kama taa inayozimwa. Akishavuta blanketi, amekwenda: mdomo wazi, goti moja limekunjwa hadi kifuani, mguu mwingine juu ya mbavu zangu. Nilimwonea wivu magoti yale. Yangu yalivimba tangu nikiwa darasa la pili, pamoja na vifundo vya mikono, na kila nilipojigeuza kitandani maumivu yaliniamsha kabla usingizi haujaniingia sawasawa. Daktari alisema ni ugonjwa wa viungo, na watoto pia huupata. Mtaani kwetu Katandala waliuita baridi yabisi, ugonjwa wa wazee, kwa hiyo darasani nilipokewa hivi:

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Mmeniletea ugoro?"

Walicheka. Hawakuujua uchovu ule, uliokuwa kama kushinda nimevaa koti lililoloa. Kipindi cha hesabu kikifika, kichwa changu kilikuwa juu ya dawati, na mwalimu ananiita mvivu.

Kwa kuwa usiku nilikuwa macho, nilitunga nyimbo za mchakamchaka, zile tulizoimba shuleni asubuhi watoto wakikimbia kuzunguka uwanja. Mimi sikukimbia. Saa hizo miguu yangu ilikuwa bado migumu. Nilikaa kwenye jiwe karibu na mlingoti wa bendera, mikono kwapani, upepo wa Julai ukinikata masikio.

Asubuhi moja nikasikia wimbo wangu ukija.

"Baridi iko wapi?" Mdogo wangu, mbele ya mstari.

"Chini ya kiatu!"

"Tuifanyeje?"

"Kanyaga! Kanyaga!"

Shule nzima ilikanyaga. Vumbi likapanda. Mwalimu wa zamu akapiga makofi, akamfanya kiongozi wa nyimbo. Wimbo ule nilikuwa nimemwimbia yeye peke yake, tukiosha vyombo.

"Umeniibia," nilimwambia tukirudi nyumbani.

"Sasa dada, ungeupeleka wapi? Ungeliimbia jiwe?"

"Ndiyo. Jiwe ni langu."

"Haya, kamwambie mwalimu."

Asubuhi yake nikaenda kumwambia. Mwalimu wa zamu aliyatazama magoti yangu, akasema kesho niimbishe nikiwa palepale kwenye jiwe, wenzangu wazunguke. Usiku ule sikulala, ila safari hii kwa furaha.

Kulipokucha nikaimbisha. Wenzangu walipokuwa karibu, walinijibu hadi kifua changu kikatetemeka. Walipofika upande wa pili, kwenye mikaratusi, upepo uliichukua sauti yangu na mstari ukaanza kukanyaga ovyo. Ndipo mdogo wangu akalidaka swali langu, akawarushia, nao wakamjibu yeye. Nusu ya uwanja ikawa yangu, nusu yake, na ile yake ilisikika tamu zaidi.

Kipindi cha hesabu nililala tena. Usiku yeye akazimika kama kawaida, mguu juu ya mbavu zangu. Nikausukuma, ukarudi. Nikaanza kutunga ubeti mpya, nikiupima kwa mzunguko wa uwanja: maswali marefu, mengi, ayabebe yeye kule kwenye mikaratusi hadi pumzi imwishie, na jibu, ile "kanyaga" ya shule nzima, lisifike mpaka wamegeuka wote na kuwa mbele ya jiwe langu.