Ziwa la Mama Kabula

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho tu inanirudia na ukungu wake. Nilikuwa kijana bado, muuguzi, na chumba chetu cha matibabu kilikuwa Kigongo, juu kidogo ya gati la kivuko. Siku hizo daraja halikuwepo hata kwenye ndoto. Asubuhi kama ile ziwa lilikuwa halionekani kabisa. Unasikia honi ya kivuko kutoka upande wa Busisi, unasikia watu wakiitana huko majini, na mbele yako ni weupe mtupu. Nilikuwa nasimama mlangoni nisijue kama nimeshaamka au bado.

Nakuhadithia haya kwa sababu ya maneno uliyoniambia Jumapili ulipokuja kunisalimia. Ulisema umechoka. Uliacha hospitali kubwa, ukafungua kliniki yako hapo Pasiansi. Kila familia inakupa kidogo kila mwezi, wawe wazima wasiwe wazima, nawe unakuwa daktari wao. Sasa unalalamika kwamba wanakuja kupiga soga. Kuna mzee anakaa hapo anakueleza habari za mbuzi wake, akimaliza anaaga. Ukasema, "Mama, mimi sikusomea mbuzi." Nilicheka sana, nawe ukanuna. Lakini uliposema unafikiria kurudi ulikotoka, kicheko kiliniisha.

Daktari wangu wa Kigongo, Daktari Masanja, naye aliacha hospitali kubwa ya mjini, na watu walidhani amerogwa. Mtu anaacha ofisi yake, anakuja kukodi chumba gatini! Alikubaliana na nyumba za pale na za vijiji vya jirani watoe mchango kila mwezi, naye atawatibu na kuwatembelea. Alikuwa mtu wa polepole, Mungu amrehemu. Mgonjwa akiingia, kwanza salamu, kisha mvua, kisha pamba, kisha ndama aliyezaliwa, kisha mwalimu aliyemposa binti yao. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye wodi tulikokimbia kutwa nzima, na ule ukaaji ulinitesa. Jua likishika bati nilikuwa nasinzia nikisikiliza habari za ng'ombe wa watu, mpaka ng'ombe wenyewe wakaanza kupita kwenye usingizi wangu. Nilishaamua kuaga mwisho wa mwezi.

Asubuhi hiyo benchi la nje lilikuwa limejaa wavuvi na wachuuzi wa dagaa, wanaume tupu. Mama Kabula, wa moja ya nyumba zilizotuchangia, akatokea kwenye ukungu na khanga zake mbili, anatoka kwao, upande wa Misungwi. Haumwi, alisema, anapita tu kusalimia akisubiri kivuko, anakwenda kwa dada yake Busisi. Daktari alikuwa amesimama kizingitini na kikombe cha chai, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, daktari."

"Mhola?"

"Mhola. Ng'ombe wazima, watoto wazima." Akatazama kule kwenye weupe. "Ila ziwa limekuwa gumu siku hizi."

Benchi zima likaitikia. Kweli kabisa, mama, gumu! Mmoja akalalamikia nyavu, mwingine akalaumu mbalamwezi, mwingine akasema samaki wamehamia visiwani. Nami nikampa pole, nikamwambia litafunguka tu. Honi ikalia. Mama Kabula akajifunika vizuri kifuani, akaaga, akaanza kuteremka gatini.

Daktari alikuwa hajanywa ile chai. Akaniuliza taratibu, utadhani anaongea peke yake, "Sista, mume wa Mama Kabula anafanya kazi gani?"

"Si mfugaji?"

"Ana mtumbwi?"

"Hana."

"Wanauza samaki?"

"Hawauzi."

"Sasa ziwa lipi limekuwa gumu kwake?"

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Mama wa heshima zake hawezi kutamka titi mbele ya benchi la wanaume. Anasema ziwa. Alikuwa amekuja kutuambia ugonjwa wake kwa neno la stara, na sisi sote, kwa kuwa tunaishi kando ya lile ziwa kubwa, tukasikia samaki.

Tuliteremka mbio. Kivuko kilishashusha mlango wake, watu na baiskeli wanaingia. Ukungu ulifanya migongo yote iwe mmoja na khanga zote ziwe na rangi ile ile. Niliita jina lake, sauti ikaishia hapo hapo mdomoni. Niliogopa sana. Nilijua akivuka na jambo lake hatalisema tena, si kwetu, si kwa mwingine. Ujasiri wa kulisema alikuwa ameutumia wote pale kwenye benchi letu.

Nilimkuta ameshatia mguu kwenye ule mlango wa kivuko. Sikumuuliza kitu. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, turudi. Njoo uniambie habari za ziwa tukiwa wawili." Akanitazama, machozi yakamtoka, na kivuko kikaondoka bila yeye.

Uvimbe ulikuwa mdogo bado, mgumu kama kokwa. Kesho yake Daktari mwenyewe alimpeleka mjini, akakaa naye mpaka alipofanyiwa upasuaji. Mama Kabula aliishi, mwanangu. Alilea wajukuu.

Jioni ya siku ile ya ukungu, watu waliporudi majumbani, nilimuuliza Daktari alijuaje. Tulikuwa tumekaa nje, ukungu umekwisha, maji yametulia mpaka Busisi, na mimi bado najiona kama niliyeota.

"Ningekuwa kule mjini nisingejua," akasema. "Ningempa pole nikamwambia samaki watarudi." Kisha akanigeukia, na usoni hakuwa na mzaha. "Wewe unaona tunapoteza muda na ng'ombe wa watu. Bila wale ng'ombe, leo tungemwacha aende."

Mwisho wa mwezi ulipofika, sikuaga.

Basi nisikilize. Huko ulikotoka kuna mashine nzuri na madaktari wema, sitawasema vibaya. Mama Kabula alipona mikononi mwao. Lakini foleni haiwaachii nafasi ya kujua nani ana mtumbwi na nani hana. Wewe nafasi hiyo unayo, na ndiyo ambayo watu wa Pasiansi wanaichangia kila mwezi, hata kama hawajui kuitaja. Yule mzee wa mbuzi mwache aseme. Muulize na majina ya hao mbuzi. Kwa sababu itakuja siku atakwambia mbuzi wote wazima, na wewe unakumbuka kwamba aliwauza wote msimu uliopita. Siku hiyo hutasema ni soga, utajua kumbukumbu zimeanza kumtoka. Utasogeza kiti karibu, utamtazama macho vizuri, na utamwita mwanawe kabla mzee hajaanza kupotea njia ya kwake.

Kesho kafungue mlango wako, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kukaa na watu, akupe wazee watakaokuchosha kwa maneno na watoto utakaowaona wakikua mpaka waoe. Na utakapozeeka ukaanza kuugua, akupe daktari anayejua habari za nyumbani kwako, kama alivyonipa mimi wewe.