Mnara Uliokataa Kusinzia

Jemutai alikuwa amezoea kuishi ndani ya mvumo. Kampuni moja ya intaneti ilikodi kona ya shamba lake, nje kidogo ya Eldoret kwenye barabara ya Moiben, ikasimamisha mnara nyuma ya zizi. Tangu hapo feni za kupoza mitambo zilivuma mchana kutwa, naye akaenda na kurudi kama mtu aliye nusu usingizini. Akikamua, zinavuma. Akisafisha kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, zinavuma. Hata ndotoni zilimfuata.

Kisha ukaja ujumbe kwenye simu: ili kupunguza matumizi ya umeme, mitambo italala kila watumiaji wanapokuwa wachache. Italala! Bintiye Jeruto alikuwa Doha akifanya kazi za nyumbani, na alipiga simu kwa intaneti pale tu mwajiri wake alipotoka, saa yoyote ya mchana. Je, akipiga akute mnara umelala?

Mtu mwingine angeuliza. Jemutai hakuwa wa kuuliza. Alichukua simu kuukuu ya marehemu mumewe, akaitundika msumarini jikoni, akaifungulia video za kwaya tangu asubuhi hadi jioni ili mnara usipate hata nafasi ya kupiga miayo. Intaneti alipewa bure kama mwenye shamba. Wasikilizaji walikuwa kuku.

Alasiri moja akaja Wangila, fundi wa kampuni, kuangalia mnara pekee uliokataa kusinzia.

"Mama, hapa kwako nani anawatch kwaya siku mzima?"

"Ni mimi na kuku."

Wangila akacheka. Aliposimuliwa habari za Jeruto, kicheko kikamwishia. Akapokea kikombe cha mursik, akaketi.

"Hii busta, huu mnara, hailali yote, Mama. Zile redio kubwa za kurusha intaneti ndio zinazima, na feni. Kuna moja kadogo inabaki macho. Jeruto akipiga, hiyo inamtosha."

"Kama mama mwenye mtoto mchanga."

"Hapo sasa!"

Jemutai hakuamini sana, lakini alimwonea kijana huyo haya. Akaitungua simu msumarini, akaizima. Baada ya muda feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Kimya kilikuwa kikubwa mno hata akashika mwimo wa mlango. Wangila akaaga akaenda zake.

Akabaki kwenye kigoda uani, simu yake mapajani, akiogopa. Upepo ulichakarisha majani ya mahindi. Ng'ombe mwekundu alicheua taratibu. Vitu hivyo vyote vilikuwa vyake, na alikuwa amevisahau. Jua likalegea, naye macho yakamlegea, akawa hajui kama yuko macho au anaota simu inalia.

Ilikuwa inalia kweli.

"Mama, leo uko wapi?" Jeruto aliuliza.

"Si niko tu nyumbani."

"Hapana. Nyumbani huwa kuna ile kelele." "Mama... hiyo ni ng'ombe inacheua?"

"Ni ile nyekundu."

Jemutai alisikia pumzi ya mwanawe ikikatika, akajua analia. Akataka kumwambia habari za fundi, za kuku, za hofu yake yote.

"Usiongee, Mama. Na usikate. Wacha nisikie kwetu."

Jemutai akainuka polepole, akaenda zizini, akanyoosha mkono na kuiweka simu karibu na mdomo wa ng'ombe.