Ujumbe Uliotangulia Ng'ombe

Kahaso hakuwa amekaa sana kwenye cheo cha msanifu wa mifumo pale ng'ombe wa mfugaji Dukicha walipoingia katika mpunga wa Teresia, kule Idsowe. Ujumbe wa kumwonya Teresia ulifika mpunga ukiwa umeshalala chini.

Kazi ya mfumo aliousimamia ilikuwa hiyo hiyo moja, kuonya mapema. Kiangazi kikibana, wafugaji Waorma huteremsha mifugo mtoni kupitia malka, zile njia zinazoachwa wazi katikati ya mashamba ya Wapokomo. Mfugaji akifika kwenye mdomo wa malka anabonyeza simu, na wakulima wa hapo wanapata habari waje kulinda mipaka yao. Kwa miaka mingi Kahaso, Mpokomo wa kijiji cha Golbanti, alikuwa mhandisi wa sehemu ya ndani, isiyoonekana na mtu yeyote: seva, na foleni inayosukuma ujumbe. Hakuna aliyeijua kama yeye. Ndiyo maana Mahmud, mwenye kampuni pale Garsen, alimpandisha, asimamie mfumo wote.

Dukicha alipiga simu mwenyewe. "We, binti wa Golbanti! Mashine yako inatembea polepole kuliko ndama mgonjwa."

"Na ng'ombe wako, kaka, hawajui kusoma mipaka?"

"Wanasoma mpunga tu." Kisha sauti ikawa nzito. "Teresia nimemwomba radhi. Lakini wiki ijayo nateremsha kundi lote. Likiharibu tena, vijana wa kwetu na wa kwenu hawatangoja simu."

Kahaso akafanya alichozoea. Alijifungia na kompyuta, akaifungua foleni yake na kuikaza huku na huku, wakati Martin na wahandisi wenzake wamekaa bila kazi. Alipomaliza, ujumbe ulifika kufumba na kufumbua. Akamwita Mahmud aone.

"Dada," Mahmud alisema, "nilikutoa jikoni uangalie nyumba nzima. Wewe umerudi kusugua sufuria. Ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji, ujumbe wa haraka utamsaidia nini mkulima aliye mbali na shamba?"

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Kuna kiburi kinachovaa nguo za bidii: mtu anakimbilia kazi anayoiweza ili asiulizwe ile aliyokabidhiwa. Wengi wenye vyeo wamejificha humo hadi kustaafu. Kahaso hakutaka kuwa mmoja wao.

Akaiacha kompyuta, akajiuliza safari ya ng'ombe huanzia wapi hasa. Jibu alikuwa nalo tangu utoto. Kule Golbanti, kundi halikuja kamwe bila mtu mmoja kutangulia na fimbo yake, kuuliza kina cha maji na shamba lipi limevunwa, kisha akarudi kwa wenzake. Kahaso mwenyewe alishampokea mtu huyo kwa ndizi mbivu, uani kwa mama yake. Lakini mfumo haukuwa na nafasi ya mtu huyo, na Kahaso hakuliona hilo kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye seva.

Asubuhi aliwaita wahandisi. "Habari itaanzia kwa mtangulizi, kundi likiwa bado mbali. Na mkulima atajibu, kabla halijaondoka."

Martin akakuna kichwa. "Foleni yako haipokei majibu, dada. Inasukuma tu."

"Basi itoe."

"Yote? Si ndiyo uliyotufundishia kazi?"

"Martin, mimi si mlinzi wa makumbusho. Itoe, uandike nyingine. Wewe, si mimi."

Yeye akaenda Idsowe, kisha kambini kwa Dukicha, kukubaliana na pande zote mbili maswali ya kuulizwa na nani atajibu. Mikono ilimwasha kugusa msimbo, lakini hakuugusa.

Siku ilipofika, Roba, mdogo wake Dukicha, alitangulia peke yake na kubonyeza simu huku kundi likiwa bado uwandani. Jibu la Teresia likaja: "Upande wa chini mpunga haujavunwa, wa juu namalizia kuvuna. Nipeni hadi kesho kutwa, kisha mpite juu."

Dukicha alilizuia kundi. Kesho kutwa ilipofika, ng'ombe walikunywa, na hakuna bua la mpunga lililovunjika.

"Binti wa Golbanti," alisema kwenye simu, huku ng'ombe wakilia nyuma yake, "leo mashine imewatangulia. Wanaona wivu. Umeiandika vizuri."

"Mimi sikuandika hata mstari mmoja, kaka," Kahaso alijibu. "Ngoja nikupe Martin, umwambie yeye."