Kopo la Kichwa Chini

Kwetu Butembo, mwanamke unayegawana naye mume anaitwa mbanda. Mbanda wangu hakuwa na sura. Alikuwa gwanda la kijani, limekunjwa vizuri ndani ya begi, likingoja Ijumaa.

Katikati ya juma mume wangu alikuwa mfanyabiashara pamoja nami, katika duka letu la jumla: sardini, nyanya za kopo, maziwa ya unga. Ijumaa aliondoka kwenda Beni, kwenye kambi ya jeshi la akiba, akarudi Jumapili jioni. Najua nchi inahitaji watu wa kuilinda, na barabara ninayopitishia mizigo yangu inawahitaji pia. Yote hayo niliyajua, na bado niliona wivu. Gwanda alilipiga pasi mwenyewe, taratibu, mkunjo kwa mkunjo. Meza ya duka hakuwahi kuipangusa hata siku moja.

Kilichoniuma zaidi ni kopo. Mama yangu, aliyefanya biashara Lubero miaka mingi, alinifundisha kwamba mzigo mpya usichanganywe na wa zamani. Pale wa zamani unapoishia, pindua kopo moja kichwa chini. Yeyote atakayesimama dukani atajua auze yapi kwanza. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini mume wangu aliisahau kila mara. Nilimkumbusha kwa upole, nikamkumbusha kwa ukali.

"Mama, minasahau tu," alisema, akacheka. Tumetupa maziwa yaliyoharibika kwa sababu ya kicheko kile.

Halafu Ijumaa moja aliondoka bila mzaha wake wa kawaida. Kesho yake nilikuwa na mzigo wa kupokea mpakani Kasindi, na lori linapitia Beni. Nilimwomba dereva asimame karibu na kambi. Nilibeba bugali na sombe ya majani ya muhogo ili nionekane mke mwema. Kusema kweli, nilikwenda kumwona mbanda kwa macho yangu.

Mlinzi alinielekeza kwenye depo ya chakula. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, anapanga makopo kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona mikononi mwake. Na katika kila rafu, pale mzigo wa zamani ulipoishia, kopo moja lilikuwa limesimama kichwa chini.

Utaratibu wa mama yangu! Kwangu alisahau miaka yote. Kwa mbanda hakusahau hata rafu moja.

Mkubwa wake, mtu mcheshi, alinikaribisha. "Mama, huyu mubaba ni wa lazima. Utuachie yeye kabisa, donc depo ikuwe yake."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Banataka nikuwe musoda, askari wa kila siku. Leo banangoja jibu. Sikujua nitakuambia namna gani."

"Na duka?"

"Duka iko na wewe, mama."

Hapo nikawaka. Nilienda kwenye rafu ya karibu, nikalishika lile kopo, nikalisimamisha kama mengine. Mzigo mpya na wa zamani ukawa kitu kimoja.

"Hii ni mambo ya mama yangu," nikamwambia. "Kama kwetu inakushinda, na huku ikushinde."

Mkubwa wake akaacha kutabasamu. Mimi niliuangalia mkono wa mume wangu. Ukienda kulipindua kopo tena, basi nimempoteza. Mkono ulibaki gotini. Baadaye kidogo akasimama, akamwambia mkubwa wake kwamba ataendelea kuja mwisho wa juma, kama zamani, si zaidi.

Jumatatu alinitangulia dukani, na nilipofika makopo yalikuwa yamepinduliwa panapotakiwa. Sikumsifu. Ijumaa alipotoa pasi, nilimnyang'anya gwanda, nikalinyoosha mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo. Mbanda akienda Beni, aende na alama ya mkono wangu.