Kobe Anatafutiwa Kamba

"Mzee Melkizedek amerukwa na akili," Odilia aliniambia asubuhi ile, akigeuza vitumbua vyake bila kunitazama. "Nasikia anakwenda Mikumi kununua kamba ya kuanikia nguo. Ati aifunge kwenye winchi, avutie malori! Na ni ya bluu. Nimeambiwa kabisa, ya bluu."

Nilicheka, maana jirani yangu huyo habari ikipita kwake haitoki bila kuongezwa chumvi. Lakini nilipofika nyumbani na vitumbua vya mtoto, kicheko kilikuwa kimeniisha. Kama kweli mzee anatafuta kamba, basi ameamua kujaribu tena.

Hapa Zombo hakuna asiyemjua Mzee Melkizedek na Landrova lake. Tunaliita Kobe, kwa sababu ya mgongo wake uliobonyea na mwendo wake. Mbele ya Kobe kulikuwa na winchi, lile gurudumu la chuma linalokunja waya kwa nguvu ya injini. Gari likizama kwenye tope, mzee anasimama pakavu, waya unafungwa kwenye gari lililozama, winchi inazunguka polepole huku ikilia, na gari linatoka kama jino. Masika yakikolea, barabara ya Kilosa kwenda Mikumi inageuka uji. Hapo usiniambie habari ya basi wala bodaboda. Ni Kobe tu. Amevuta wagonjwa, amevuta malori ya mahindi, amevuta gari la msiba na jeneza lake ndani, waimbaji wakaendelea kuimba humo humo wakiwa wameinama upande mmoja.

Zamani hizo hakwenda peke yake. Alikwenda na mkewe, Bibi Yudith. Sisi tulikuwa shule ya msingi. Tukisikia Kobe ananguruma, darasa zima linabanwa na haja, kila mtu anaomba ruhusa ya kwenda chooni, kumbe tunakimbilia korongoni. Hata leo nikisikia harufu ya dizeli imechanganyika na tope, namwona yule bibi, miguu peku, kanga kiunoni, kitambaa chakavu mkononi.

Kitambaa kilikuwa na kazi yake. Waya ulipokuwa ukirudi kwenye winchi, Bibi Yudith aliushika kwa kile kitambaa, ukapita ndani ya kiganja chake. Kitambaa kikinasa, anapiga ukelele: "Baba, simama! Kuna uzi umekatika hapa!" Na kabla mzee hajavuta, bibi alilowesha kanga yake majini, akaitundika katikati ya waya. Nilimuuliza siku moja, bibi, mbona unaianika kanga mahali pabaya? Akasema waya ukikatika unaruka kama nyoka aliyekanyagwa, lakini kanga iliyolowa ina uzito, inaushusha chini. Halafu akatugeukia, mikono kiunoni.

"Rudini nyuma! Waya hauna ndugu! Wewe mwenye kaptura iliyochanika, mama yako anajua uko huku?"

Tunarudi nyuma, akigeuka tunasogea tena mbele ya pale tulipokuwa.

Bibi Yudith alipofariki, mzee aliendelea peke yake. Kanga ya bibi aliitundika kila mara, hiyo hakusahau. Kitambaa ndicho alichokiacha. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akikishika, mkono unakataa. Kilikuwa bado na mafuta ya kiganja cha mkewe.

Basi ikafika zamu yangu. Uchungu ulinishika katikati ya masika, tukakodi pikapu twende hospitali Kilosa, tukazama korongoni. Nilikuwa nimelala nyuma, mama mkwe ameshika kichwa changu. Kobe akaja. Nikasikia winchi inalia, pikapu inaanza kujongea, moyo wangu ukatulia. Kisha ukaja mlio ambao siwezi kuufananisha na kitu. Waya ulikuwa umekatika. Leshan, mfugaji wa kule bondeni, alikuwa amesimama karibu mno, na watu wanasema ulipita juu ya kichwa chake ukachukua kofia. Wengine tulinusurika kwa sababu ya kanga. Ilikatwa pande mbili, ikaanguka topeni na waya ndani yake. Winchi nayo ikavunjika meno. Leshan na vijana wake ndio waliotusukuma kwa mabega mpaka tukatoka, na mwanangu akazaliwa kabla hatujauona mji.

Tulimpa jina la Yudith. Mzee Melkizedek alikuja kumwona akiwa ameshika kanga iliyokunjwa vizuri, ina harufu ya sanduku. "Doti huwa vipande viwili," akasema. "Kimoja kimekwenda na waya. Hiki nilikuwa nimekificha, ni cha mke wangu huyu mpya." Tangu siku hiyo akipita kwetu haulizi habari za nyumbani, anauliza, "Mke wangu amekula? Anawafulia nguo?" Na binti yangu, tangu alipoanza kusema, anamjibu, "Sitaki mume mzee!" Mzee anacheka mpaka anakohoa.

Lakini kuvuta hakuvuta tena. Kobe alikaa uani, kuku wakataga kwenye kiti cha bibi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishakuja kutoka Kimamba, akamgonga gonga mbavu kama anayenunua ng'ombe. Mzee alimwambia, "Nisipopata kamba ninayoiamini kabla ya masika haya, mchukue." Mimi nilikuwepo, nikayasikia hayo, nikashika tumbo. Maana nina mwingine humu ndani, naye anayatazamia masika hayohayo.

Ndiyo sababu niliposikia maneno ya Odilia sikukaa na swali. Mume wangu yuko Kidodi kwenye miwa, mama yangu anaishi Mikumi. Nikaenda kumwomba mzee lifti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mke wangu naye anakuja?"

"Anakuja."

"Basi fukuza kuku kwenye kiti."

Njia nzima alinionyesha mahali. Hapa walichoma mahindi yeye na bibi wakisubiri maji yapungue. Pale walilitoa basi, abiria wakamchangia bibi kitenge. Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu, lakini yeye alikuwa akiliona tope lote la miaka ile. Nilimwacha aseme. Mtoto alilala mapajani pangu, nimemfunika kanga yake.

Fundi Kornelio ana karakana Mikumi, karibu na barabara kuu yanapopita malori ya Zambia. Ananunua vifaa kwa watu wa magari ya porini. Alikuwa ameshatutolea winchi nje, mbili, juu ya gunia.

"Hii ndogo mpya kabisa, baba. Inang'aa. Inavuta tani mbili na nusu."

Mzee hakuinama hata kuitazama. "Kobe akibeba watu ni kama tani tatu."

"Si inakaribia?"

"Winchi haitakiwi kukaribiana na gari, mwanangu, inatakiwa kulizidi. Tope nalo lina mikono yake, linavuta kwenda chini. Hiyo nyingine?"

Ya pili ilikuwa imechubuka rangi, ya umeme, inavuta tani tano. Wakaiunganisha na betri, ikazunguka bila kukwaruza. Mzee akaweka sikio karibu kama anayesikiliza kifua cha mtoto, akaniambia, "Hii inapumua vizuri." Hapo sasa ikabaki kamba.

Kornelio alileta waya mpya, umekunjwa, unang'aa kwa mafuta. Mzee alitoa kitambaa mfukoni. Nilikitambua. Akaufuta waya taratibu, kipande baada ya kipande, hakikunasa popote. Ulikuwa waya mzuri, hata mimi niliuona. Lakini akaukunja tena, akauweka chini.

"Na ile nyingine uliyoniambia kwenye simu?"

Kornelio akaenda ndani, akarudi ameining'iniza begani kama skafu. Ilikuwa ya bluu. Odilia, nisamehe.

"Hii ya nyuzi za plastiki inavuta kama waya, ni nyepesi, inaelea majini, na ikikatika hairuki sana, inaanguka tu. Lakini nisikudanganye, baba. Ukiiburuza kwenye jiwe inakatika kama ndizi. Mchanga unaila. Jua linaila."

"Hata mimi jua limenila. Mbona bado unaniita baba?"

Kornelio akacheka. Mzee akaketi kwenye tairi, akachukua ncha ya kamba, akaifumua nyuzi zake kwa kucha. Akazitazama. Kisha vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe, uzi huu chini ya ule, ule ndani ya huu, mpaka ncha ikarudi ikazama ndani ya kamba yenyewe na kufanya kitanzi. Akakivuta kwa mguu na mikono. Hakikuteleza.

"Baba yangu alisuka kamba za katani kule Kimamba, mashambani," akasema, ananiambia mimi. "Jioni tunakaa naye barazani, ananipa vipande. Waya ukikatika porini sina la kufanya. Hii ikikatika nitaiunga mwenyewe, papo hapo topeni." Akaileta puani, akainusa, uso ukanywea kidogo. "Ila haina harufu. Katani ilikuwa inanukia."

Kornelio akaanza kufunga winchi mbele ya Kobe, pamoja na vile vyuma viwili vinavyozunguka, mdomo ambamo kamba hupita. Vilikuwa vya zamani, vilivyokwisha kupitisha waya. Mtoto alikuwa ameamka, nimemsimamisha chini, nikawa namfuta vumbi usoni. Sijui kilichonituma. Nilichukua kile kitambaa cha mtoto, nikakipitisha juu ya vile vyuma.

Kikanasa.

"Babu," nikasema, "hapa pana meno."

Mzee akaweka kidole pale nilipoonyesha. Waya wa zamani ulikuwa umekichimba chuma, umeacha ncha ndogo, kali kama mwiba. Kamba ya bluu isingemaliza hata msimu mmoja wa masika. Kornelio alisikitika kweli, akasema hakupaona, akaenda kutafuta mdomo mwingine, ule wa alumini uliokatwa laini usiozunguka.  Mzee alikuwa ananitazama mimi, kisha akatazama pembeni akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa makubadhi.

Kabla ya kuondoka Kornelio alituambia jambo la mwisho: kwa kamba hii, mambo ya kutundika nguo iliyolowa katikati hayana lazima sana. Wengi hawatundiki.

Tulilala kwa mama, asubuhi tukaanza safari ya kurudi. Kumbe usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani. Tulipopita kijiji cha Ulaya tukaona mbele yetu gari limeinama korongoni, na kelele za mbuzi zinasikika kabla ya kelele za watu. Mwenye mbuzi alikuwa Leshan, amevaa shuka yake, amejaa tope mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, Leshan. Mbuzi wanakwenda wapi na kanzu za tope?"

"Mnadani. Wamechoka njiani, wamekaa." Akaona mbele ya Kobe, akaja kuigusa kamba. "Mzee! Hii umeiba kwenye nguo za nani?"

"Za mkeo."

"Hapana, huyo hafui." Wakacheka wote, lakini Leshan alipomaliza kucheka akakishika kichwa chake, pale ilipokuwa kofia siku ile. "Itashika?"

 Mzee akamrudisha Kobe pakavu, akashuka, akaivuta kamba mwenyewe mpaka kwenye gari la mbuzi, akaifunga chini, akarudi akashika swichi. Kamba ikakazika. Ikawa mstari mmoja wa bluu juu ya maji ya rangi ya chai. Kisha akaacha kubonyeza.

Mimi nilikuwa ndani, kwenye kiti cha bibi, mtoto amelala mapajani. Nilimwona mzee anaitazama kamba, si kwenye ndoano wala kwenye winchi, bali katikati, pale pasipokuwa na kitu.  Vijana wa Leshan wamesogea kuona kamba ya bluu. Leshan mwenyewe alikuwa amesimama palepale pembeni, karibu, kama siku ile, utadhani hakujifunza kitu. Nikawaza, sasa ataizima winchi. Ataizima, na Kobe atakwenda Kimamba kuuzwa kwa kilo, na mimi masika nitalala tena nyuma ya pikapu nikisikiliza maji.

Hakuizima. Aliiweka swichi juu ya boneti, akazunguka mpaka kwenye dirisha langu. Macho yake yalikuwa kwa mtoto, kwenye ile kanga iliyomfunika mpaka kidevuni.

"Mama Yudith," akasema kwa sauti ndogo, asimwamshe, "niazime kanga ya mke wangu. Ila uiloweshe wewe, uitundike wewe. Halafu uwafukuze hawa watu pale, uwafukuze kwa kelele, mpaka nikusikie."