Kitanda cha Mama wa Kisiagi

Eldoret ukikimbia, watu hutaka kujua nani anakulipa. Wa kwanza kuniuliza alikuwa mwanamume aliyekuwa akifunga mitungi ya maziwa kwenye pikipiki, kando ya barabara iendayo mji mdogo wa Ziwa.

"Dada, manager wako ni nani?"

"Sina."

"Na kambi yako?"

"Sina kambi. Nakimbia tu."

Akatazama viatu vyangu, akapanda na macho hadi usoni. "Basi pole," akasema. "Pumzika kidogo halafu uendelee kukimbia."

Nilikuwa sijasimama. Ule ndio ulikuwa mwendo wangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili kabla ya hapo, nikabaki Chepkoilel katika chumba kilekile nilichokodi nikiwa mwanafunzi. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aliniachia kitu: jiko la gesi, pazia, ndoo mbili. Siku za kazi nilikwenda Elgon View kuwafundisha hesabu watoto wawili wa nyumba moja kubwa. Ijumaa jioni nilifunga mlango, na kuna wikendi ambazo sauti yangu niliisikia tena Jumatatu, nikimsalimu bawabu wao.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la shirika moja dogo la kuwasaidia watu wasio na makao, siwezi kuapa kwamba nilivutwa na huruma. Walikuwa wamekodi nyumba ya vyumba sita mjini. Walitaka watu wa kukimbia marathoni na kuchangisha pesa. Aliyefikisha kiasi kilichowekwa, kitanda kimoja kingelipiwa mwaka mzima, na yeye angependekeza mtu wa kukilalia.

Nilimuuliza msimamizi wao, mama mwenye sauti ya upole: mimi kukimbia kilomita arobaini na mbili kunahusiana vipi na mtu kulala?

"Hakuhusiani," akasema. "Lakini watu hawatoi hivi hivi. Lazima waone mtu akiteseka kidogo."

Jibu hilo lilinikera, na kwa sababu lilikuwa la kweli, nikajiandikisha.

Mtu wa kupendekeza nilikuwa naye tayari. Kilomita tatu kutoka kwangu kulikuwa na kisiagi cha mahindi, na kwenye baraza yake alilala mama mmoja wa makamo. Alikuwa ametoka magharibi miaka mingi iliyopita kuja kuvuna mahindi kwenye mashamba ya huku. Msimu ukaisha, yeye akabaki. Nilimkuta kila alfajiri nilipopita nikikimbia, akiwa ameketi juu ya magunia, shuka begani, amezungukwa na madebe ya mahindi ya wateja. Mwezi wa saba baridi ya huku huuma hadi kwenye meno, na yeye alikuwa hapo, pumzi yake ikitoka kama moshi.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, mtoto wangu. Kimbia, usipoe."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Siku niliyojiandikisha nilipunguza mwendo nikamwambia, "Mama, nakimbilia kitanda chako. Nikimaliza marathoni utalala ndani ya nyumba."

"Mungu akubariki," akasema.

Nikaondoka nikiamini amekubali. Nililelewa shambani, kaskazini ya Ziwa, na nilipaswa kukumbuka kwamba mtu mzima hamkatalii mtoto zawadi usoni. Hukubariki, kisha husubiri uelewe mwenyewe.

Mazoezi yalikuwa ya upweke kuliko nilivyotarajia. Wanariadha wa kweli walitoka saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa thelathini au arobaini, na walinipita wakiongea. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilikuwa natafuta hewa na wao walikuwa wanabishana kuhusu bei ya mbolea. Mara moja mmoja wao alinigeukia na kusema, "Jikaze, madam!" na nikaishi na maneno hayo mawili wiki nzima. Baadaye nilisikia akimwambia vivyo hivyo ng'ombe aliyekuwa akivuka barabara polepole.

Nilituma ujumbe wa kuomba mchango wa kitanda kwenye kikundi cha simu cha ukoo wetu. Shangazi akanipigia kabla sijaweka simu chini.

"Umefukuzwa nyumba?"

"Hapana, shangazi. Ni ya watu wengine."

"Watu gani?"

"Wasio na makao."

Kwetu mchango ni wa hospitali, wa mazishi, au wa karo, na mwenye shida hutajwa pamoja na baba yake. "Sema ukweli," akasema kwa sauti ya chini. "Kama ni kodi ya nyumba, nitakutumia. Usiaibike."

Mjomba naye akaandika, mbele ya wote: "Ukiingia kumi bora, naleta." Chini yake watu kumi na moja wakajibu kwamba hata wao, kumi bora. Nilijaribu kueleza kwamba sikimbii kushinda. Mjomba akauliza, kama hukimbii kushinda, sasa tunachangia nini?

Mama yangu hakuandika chochote kwenye kikundi. Alinipigia jioni akiwa anakamua, nikasikia maziwa yakipiga ndoo. "Na wewe ukianguka huko barabarani," akasema, "nani atakuokota?"

Siku ya mbio sikuwaona washindi; niliwaona kwenye picha, siku iliyofuata. Baada ya kilomita ishirini nilibaki na mzee mmoja aliyevaa fulana ya kanisa lake. Baada ya thelathini mzee naye alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akanipungia mkono niende. Bodaboda zilikuwa zimerudi barabarani. Dereva mmoja alinifuata pole pole karibu kilomita nzima akinibembeleza: "Siste, panda, sitamwambia mtu." Nilipofika mwisho, vijana walikuwa wanakunja hema. Mmoja alishuka kwenye ngazi, akanipigia makofi peke yake, akapanda tena.

Msimamizi wa shirika alikuwa amenisubiri na chupa ya maji. Nilimkumbatia nikalia. Sikujua ni kwa ajili ya nini.

Pesa hazikutimia. Marafiki wa chuo walituma kidogo kidogo, shangazi alituma akisisitiza ni za kodi, na bado zilibaki pungufu karibu nusu. Jumatano, nikiwa Elgon View, mwanafunzi wangu mdogo alimwambia baba yake kwamba mwalimu anachechemea. Baba akaniuliza sababu. Nikamweleza. Alikuwa anasoma kitu kwenye simu. Akabonyeza mara kadhaa, simu yangu ikalia kwa ujumbe wa pesa, na kitanda kikawa kimelipiwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Nilimshukuru. Njiani nikijikokota kurudi, nilijiuliza kwa nini sikuwa nimemwomba tu, miezi minne iliyopita, nikiwa na kucha zangu zote za miguu.

Lakini kitanda kilikuwapo. Jumatatu mchana, baada ya kuomba ruhusa kazini, nilimpeleka mama wa kisiagi. Alikuja akiwa amejifunga leso safi, na njia nzima hakusema mengi. Msimamizi alituonyesha chumba: vitanda viwili, dirisha, blanketi la kijani lililokunjwa. Mama akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akabonyeza godoro kwa kiganja.

"Ni zuri," akasema. "Mlango hufungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni," msimamizi akajibu. "Kwa usalama."

"Na kufunguliwa?"

"Saa moja asubuhi."

Mama akacheka, kicheko kifupi cha heshima. Akanigeukia. "Mtoto wangu, madebe ya watu nitamwachia nani?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni. Stima hupotea jioni karibu kila siku, na kisiagi husimama. Wanawake huacha mahindi yao kwenye foleni na kwenda kupikia watoto. Anayelinda foleni hiyo usiku, asije mtu akaruka mbele au akabadilisha mahindi mazuri kwa yaliyotobolewa na wadudu, ni yeye. Hiyo ndiyo kazi yake. Mwenye kisiagi humlipa kwa unga na baraza, na kila mwenye debe humwachia chochote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakuja ukikimbia, unaondoka ukikimbia."

Kujaza fomu za kukataa kitanda kulichukua muda mrefu kuliko fomu za kukiomba. Tuliporudi ilikuwa karibu saa moja, stima imepotea, na kelele tulizisikia tukiwa mbali. Mtu alikuwa amesogeza madebe ili apitishe pikipiki. Wanawake saba walikuwa wanagombania madebe saba. Mwenye kisiagi, mwanamume mnene mwenye unga kwenye nyusi, alimnyooshea mama kidole.

"Ulikuwa wapi? Nimekuuliza, ulikuwa wapi? Kama umechoka na kazi sema niweke mwingine!"

"Ni mimi nilimchukua," nikasema.

"Na wewe ni nani?"

Mama hakungoja nijibu. Alipiga magoti, akaniambia nimulike kwa simu. Akazamisha mkono kwenye debe la kwanza, akachezea punje kwa vidole. "Haya ya mwalimu, hayajakauka." La pili: "Haya ya mama pacha, yana maharagwe ndani." Alikwenda hivyo moja baada ya jingine, na kelele zikapungua. La mwisho lilibishaniwa. Mwanamke mmoja alidai mahindi yake yalikuwa meupe zaidi. Nikafungua pochi, nikasema nitalipa. Mama akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

"Usilipe. Ukilipa, watasema nilipoteza."

Akachota punje, akampa yule mwanamke azionje. Mwanamke akatafuna gizani, sote tukimsubiri. Akatema. "Ni yangu," akasema, na kwa hasira akalisukuma debe mahali pake kwenye foleni, akaenda zake kupika. Wengine wakafuata. Hakuna aliyeondoka na mahindi yake. Mwenye kisiagi aliona hivyo, akaguna, akaingia ndani.

Mama aliketi juu ya magunia akajifunika shuka. Aliniambia niende kabla usiku haujawa mwingi, na sikusikia hasira katika sauti yake, labda uchovu tu.

Nilimpigia msimamizi nikiwa njiani. Alisema kitanda bado kina jina langu kama mfadhili, nipendekeze mtu mwingine hadi Ijumaa, la sivyo watachukua wa kwanza kwenye orodha.

Nilitembea huku nikifikiria. Mzee wa fulana ya kanisa, sikujua anakolala. Bawabu wa Elgon View, sikuwahi kumuuliza kwake ni wapi.

"Bado uko?" msimamizi akauliza.

"Niko," nikasema. "Chukua wa kwanza kwenye orodha. Sina mtu mwingine ninayemjua."