Kiuno cha Suruali ya Mwamuzi

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa na kazi mbili. Jumamosi na Jumapili nilishona kwenye kibaraza cha nyumba yetu Ujiji, kanzu na sare za shule, na siku nyingine nilifundisha ushonaji kambini. Lori la shirika la misaada lilituchukua Mwandiga Jumatatu asubuhi, likapanda vilima kuelekea bara, na mchana likatushusha kambini tukiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Ijumaa lilinirudisha. Baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji, mama yangu Muha wa Kalinzi, kwa hiyo Kirundi cha wale watu hakikunishinda. Waliponisalimu "Amahoro" niliitika kwa Kiha cha mama, wakacheka, tukaelewana.

Msimamizi wa michezo pale alikuwa dada mmoja mgeni, mrefu, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Vijana wa kambini walikuwa wengi na hawakuwa na la kufanya. Mpira wa miguu ulikuwa umeleta ugomvi mara mbili, watu wakang'oana meno, ndipo yule dada akasema atawaletea mchezo wa kwao, ambao hakuna mtu aliyekuwa na kinyongo nao. Besiboli. Watoto waliuita mchezo wa rungu. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa rungu, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu kubwa. Nyuma ya mdakaji huinama mwamuzi mkuu, macho yake yakiufuata mpira, aseme kama umepita mahali pake au la. Waamuzi wengine watatu husimama mbele uwanjani, kwenye vituo ambako wachezaji hukimbilia.

Siku moja sanduku likafika kutoka kwao. Ndani mlikuwa na marungu, glavu, na suruali za waamuzi za kijivu kilichokolea, kitambaa kizito chenye sufu, ambacho sikuwa nimekishika tangu alipofariki fundi aliyenifundisha kazi. Zilikuwa zimeshavaliwa na watu wa huko. Watu wakubwa! Nilipoinua ya kwanza darasa zima liliangua kicheko. Mwanafunzi wangu mmoja, mama mzima, aliingiza miguu yake miwili katika mguu mmoja wa suruali akaruka nayo mpaka mlangoni.

"Fundi," yule dada akaniambia, "chagua nne. Kaa vizuri."

Nilielewa kwamba suruali ndizo zikae vizuri. Nikawapanga waamuzi wanne mstari mmoja, nikawapima kiuno, makalio, paja na urefu, kama nilivyofunzwa. Dada alikuwa akinitazama huku anatikisa kichwa.

"Hapana simama. Mwamuzi hapana simama." Akachuchumaa pale pale mavumbini, mikono magotini. "Pima hivi."

Nilikuwa nimeshona miaka kumi na mingine juu yake, na sikuwahi kumpima mtu aliyechuchumaa. Lakini alikuwa na haki. Suruali inayompendeza mtu aliyesimama humkaba msambani anapoinama, na nyuma huteremka ikamwacha wazi mbele za watu. Kwa hiyo kiuno cha nyuma kinatakiwa kipande juu kuliko cha mbele. Goti lipate nafasi ya kukunjika. Wale watatu wa vituoni nao hukimbia, basi miguu ya suruali zao isiwe mipana ikawakwaza, lakini mwamuzi mkuu huvaa vikinga vya ugoko ndani ya suruali, kwa hiyo yake ni lazima iwe pana kuanzia gotini kushuka. Alasiri nzima wale wanaume waliinuka na kuchuchumaa mbele yangu, pini zangu zikiwachoma, na wanawake wa darasa langu wakitoa ushauri ambao hatukuuomba.

Mwamuzi mkuu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao ng'ambo ya mpaka. Walimchagua kwa sababu hakuwa mtu wa kupaza sauti, na kwa sababu hakuna upande kambini uliomshuku. Shati lake lilikuwa na viraka, lakini alilifunga vifungo mpaka cha shingoni. Mkewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Suruali mbili nilizompa alizikataa. Ya tatu aliisugua kwa vidole, akaivaa, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena akakaa hivyo muda mrefu.

"Hii," akasema. "Ila kiuno, fundi, kiuno kikae. Mwamuzi akionekana anapandisha suruali, nani atayaamini macho yake?"

Nilipunguza kiuno vidole vinne. Alhamisi, siku ya mchezo, alisimama nyuma ya mdakaji na suruali yake ya kijivu iliyopigwa pasi ya mkaa, na watu waliokuja kucheka mchezo wa rungu wakaishia kumtazama yeye.

Wiki ya tatu alikuja darasani ameshika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja. Nikadhani nilikosea kupima. Nikampima tena: vidole viwili vimezidi. Nikapunguza, nikamwomba radhi. Mwezi haukuisha akarudi, vidole viwili vingine. Safari hii sikuomba radhi, maana nilimwona mbavu alipoinua shati.

Mgao ulikuwa umekatwa. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, wengine wakasema chakula kimekwama bandarini, wengine wakasema mataifa yamechoka nao. Hakuna aliyetueleza. Tulichoona ni kwamba unga uliokuwa ukipimwa kwa kopo lililojaa sasa ulipimwa kwa nusu kopo, na siku za kungojea mgao mwingine zilibaki zile zile.

Nilimuuliza mkewe tulipobaki wawili, yeye akifumua mshono na mimi nikitia uzi.

"Tuna watoto wetu wawili," akasema, "na wanne tuliowaokota njiani tulipokimbia. Yeye anakula wa mwisho. Zamu yake ikifika, sufuria imeshakwanguliwa."

"Na wewe humwambii kitu?"

"Namwambia. Anasema ameshiba kwa kuongea."

Jumatatu iliyofuata nilikuja na dagaa wakavu na chupa ya mawese kutoka Ujiji, nimevificha chini ya majora ya vitambaa, maana wafanyakazi tulikatazwa kumpendelea mkimbizi mmoja. Mwalimu alivipokea kwa mikono miwili. "Urakoze, fundi." Nililala nikiwa na amani kidogo. Kesho yake mkewe akaniambia kwamba dagaa wote waliisha jioni ile ile. Majirani walisikia harufu wakaja na watoto wao, wakasimama tu mlangoni bila kuomba.

"Ungewafukuza?" akaniuliza.

Nikaleta tena, mara mbili zaidi, na kila mara safu nzima ya vibanda ilionja kidogo. Mimi nilikuwa na watoto watano Ujiji. Sikuweza kulisha safu nzima.

Nikampeleka mwalimu zahanati ya kambi, nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba ana ugonjwa. Ugonjwa una dawa. Nesi alimpima mapafu na damu, akamtoa nje, akanibakiza mimi.

"Huyu haumwi," akasema. "Ana njaa."

"Basi mwandikie ule uji."

"Uji ni wa watoto wadogo na wajawazito, na wao wenyewe hauwatoshi. Nikimpa yeye, nimnyang'anye nani? Niambie wewe, nimnyang'anye."

Nikatoka. Nilimkuta mwalimu nje amekaa kwenye benchi akiwasikiliza watoto wakihesabu kwa sauti.

Nilikwenda pia kwa yule dada wa michezo, nikamsihi ampumzishe mwalimu, aweke mtu mwingine nyuma ya mdakaji. Akaniambia ameandika barua za kuomba chakula. "Mimi andika. Andika, andika." Akafuta macho kwa kofia yake. Kuhusu kumpumzisha, alikuwa ameshamwomba na mwalimu amekataa. Nikamwendea mwalimu mwenyewe.

"Fundi," akanijibu, "humu kambini naambiwa pa kulala, naambiwa siku ya kula, naambiwa pa kupanga foleni. Mahali ninaposema jambo likafuatwa ni pale tu. Usinitoe pale."

Kwa hiyo nilifanya lile nililoweza. Nilipunguza kiuno. Lakini kila nilipopunguza sikukata kitambaa kilichozidi. Nilikikunja ndani ya mshono, kunjo juu ya kunjo, ili akinenepa nikiachie, suruali irudi kama mwanzo. Nilijiambia mvua zitakatika, malori yatapita, na mimi nitafumua mikunjo ile mmoja mmoja. Nilimwonyesha na yeye siku moja: tazama, kiuno chako chote kimo humu ndani. Akacheka.

Kisha ikaja mechi kubwa, timu ya kambi yetu na timu ya kambi jirani, iliyoletwa na malori mawili. Watu walijaa mpaka wakapanda juu ya matangi ya maji. Nilikuwa kando ya kamba, futi yangu ingali shingoni kwa sababu nilitoka darasani mbio. Mchezo ulikwenda vizuri. Karibu na mwisho mwalimu akainama kama kawaida, mpira ukarushwa, mpigaji akauacha upite. Watu wakasubiri mwamuzi ainuke atoe uamuzi. Hakuinuka.

Alijaribu. Nilimwona akisukuma magoti yake kwa mikono, akainuka kidogo, akarudi chini, halafu akaangukia viganja vyake. Wageni wakacheka. Wa kwetu hawakucheka, na kicheko cha wageni kikafa chenyewe. Mdakaji akavua glavu, akampa mkono. Mwalimu akautikisia kichwa. Akiwa vile vile kwa magoti na mkono mmoja, akainua uso akasema, kwa sauti iliyofika kwetu wote kwa sababu uwanja ulikuwa kimya:

"Umepita pembeni."

Mrushaji akainamisha kichwa, akaudaka mpira aliorudishiwa. Hakuna aliyebisha. Baada ya hapo mwalimu akakubali kushikwa.

Nilikuwa hatua thelathini kutoka alipokuwa. Sikwenda. Nilijua nikimkimbilia nitamwaibisha, na nisipokwenda nitajiona mnyama, nikabaki nimeishika kamba ile.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, walikuja darasani yeye na mkewe. Akaenda nyuma ya pazia, akavua suruali, akajifunga kitenge cha mkewe, akaniita. Kwenye nyonga zake mbili kulikuwa na vidonda vibichi, virefu, mahali pale pale pa mshono. Ile mikunjo yangu. Kila alipochuchumaa ilikuwa ikimkata, na hakukuwa na nyama ya kuizuia.

"Mbona hukusema, mwalimu?"

"Ulikuwa unaniwekea akiba," akasema. "Sikutaka kukuvunja moyo. Lakini sasa kata, fundi."

"Nikikata haitaachiwa tena."

"Kata. Nikinenepa nitatafuta nyingine."

Nikamtazama mkewe, naye akatazama cherehani. Nikafumua mishono kwa kiwembe, nikachora chaki upya kwa kipimo cha mwili ule aliokuwa nao siku ile, nikakata. Nikashona, nikapiga pasi mshono ukalala bapa. Akaivaa, akachuchumaa akijishikilia kwenye meza, akakaa kidogo, akainuka akijishikilia kwenye meza.

"Sasa imekaa," akasema.

Ilikuwa imekaa kweli. Katika kazi yangu yote sijui kama nimewahi kumvika mtu suruali iliyomkaa vile, na nilikwenda nyuma ya jengo nikalia.

Mchana lori likanirudisha Mwandiga. Niliporudi Jumatatu, safu yao ya vibanda ilikuwa tupu. Vibanda vilibaki miti bila turubai. Dada wa michezo aliniambia orodha zilikuja Jumamosi: watu wa tarafa fulani za kwao wahamishiwe kambi nyingine, mbali kaskazini, wapande malori siku ile ile. Alikuwa ameomba familia ile iachwe, akaambiwa orodha ni orodha. Naye mkataba wake uliisha muda si mrefu, akaenda kwao, na besiboli ikafa. Mwezi mmoja baadaye nilikuta wanawake wawili wakitwanga muhogo mkavu kwa marungu yale.

Miaka ikapita. Kwao kukatulia, ikatangazwa kwamba wanaotaka kurudi watarudishwa kwa meli, na bandari ya Kigoma ikajaa watu na mabegi yao. Siku moja nilikwenda pale kupeleka sare za wapakiaji nikasikia naitwa "fundi" kutoka upande wa pili wa wavu. Alikuwa yule mama, mke wa mwalimu, na mtoto mchanga mgongoni ambaye sikumjua. Wale wakubwa walikuwa wamekaa juu ya mizigo.

"Mwalimu yuko wapi?" Nilimuuliza kabla hata ya kumwamkia.

"Yupo. Jina lake limeangukia orodha ya wiki ijayo. Sisi tunapanda leo."

"Kwa nini mtenganishwe?"

"Nimeuliza. Wamesema tupande."

"Hali yake?"

Akafikiri. "Anatembea," akasema.

Nikamwambia asiondoke, nikakimbilia kwa mama lishe nikanunua samaki, migebuka ya kukaanga, na mihogo ya kuchemsha. Niliporudi foleni ilikuwa inasogea. Nikapitisha furushi chini ya wavu, binti mmoja akalichukua. Mama yake aligeuka akaniambia kitu, lakini meli ilikuwa imeshawasha injini, nikaona midomo tu. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesikia.

Wiki iliyofuata nilifika bandarini mapema. Mlinzi wa getini alikuwa mgeni kwangu, akataka kibali. Sikuwa nacho. Nikamweleza, nikambembeleza, nikangoja, nikambembeleza tena. Meli ikapiga honi, ikang'oa nanga, ikaelekea kaskazini. Hapo ndipo alipolegea. Akachukua karatasi zake, akanitaka jina la mwalimu, akateremsha kidole.

"Yupo. Amewekewa alama. Amepanda."

"Umemwona wewe mwenyewe? Mtu mwembamba, mrefu kiasi?"

"Mzee wangu," akasema, kwa upole, "hawa wote ni wembamba. Mimi naona alama tu."